Somo la Redio: Kufunga Nozeli za Petroli

Fungueni madaftari yenu, tuanze.

Motokaa za zamani zilipata petroli kwa kabureta. Motokaa nyingi za petroli za siku hizi hutumia nozeli. Nozeli ni kifaa kidogo chenye mdomo mwembamba. Kompyuta ya injini huifungua kwa umeme, nayo hunyunyiza petroli kama ukungu, kisha hujifunga. Nozeli zote huchomekwa katika bomba moja linalozigawia petroli. Bomba hilo tutaliita reli.

Somo la leo ni la injini ambayo nozeli zake hunyunyizia katika njia ya hewa, nje ya silinda. Ziko injini nyingine ambazo nozeli hunyunyizia ndani ya silinda yenyewe. Petroli ya injini hizo husukumwa kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko hii. Usiziguse mpaka ufundishwe kazi yake.

Sasa sikiliza vizuri. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Katika motokaa nyingi, petroli iliyo ndani ya reli husukumwa kwa pauni 40 na zaidi. Hata injini ikizimwa, nguvu hiyo hubaki. Ukifungua bomba ghafula, petroli itakurukia usoni.

Basi, kwanza, toa fyuzi ya pampu ya petroli. Washa injini, uiache mpaka izimike yenyewe.

Pili, ngoja injini ipoe, kisha ufungue waya wa hasi wa betri. Sigara na moto wa kila namna viwe mbali, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini. Zungushia bomba kitambaa unapolifungua, kwa kuwa petroli kidogo itatoka.

Tatu, itazame nozeli. Ina mipira miwili ya duara, ambayo mafundi huiita oringi. Wa juu huzuia petroli isivuje. Wa chini huzuia hewa ya nje isiingie. Usirudishe mipira ya zamani, hata ikionekana mizima. Weka mipya, uipake oili safi ya injini kidogo.

Nne, safisha matundu, uchomeke nozeli katika reli, kisha ushushe reli polepole. Bonyeza sawasawa kwa mikono miwili. Ikikataa, usiigonge kwa nyundo. Huenda mpira umejikunja, itoe, utazame. Kaza bolti kwa mkono kwanza, halafu kwa spana, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha motokaa hiyo.

Tano, rudisha bomba, waya za nozeli, fyuzi na betri. Lakini usiwashe injini bado! Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake tu, pampu ivume, kisha uzime. Fanya hivyo mara tatu. Shika tochi, umulike kila nozeli. Ukiona hata tone moja, au ukisikia harufu ya petroli, fungua tena utafute kosa. Tone hilo likidondokea injini ya moto, laweza kuunguza motokaa na watu waliomo. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pakiwa pakavu pote, washa injini, utazame mara nyingine.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini tunatoa fyuzi ya pampu kwanza?
2. Mpira wa chini wa nozeli huzuia nini?
3. Utafanya nini ukiona tone moja?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.