Saketi za Kwanta na Muhogo wa Sikonge



Twaambiwa kuwa saketi za kwanta zitapunguza gharama ya kuifunza mashine. Msingi upo: hali ya kyubiti 10 huelezwa kwa namba 1,024. Lakini kila ukizipima hupati ila jibu moja, tena huenda lina kosa; na data sharti zipakiwe kwanza, kama mizigo ya wapagazi wa Unyanyembe kabla ya safari. Upakiaji huo waweza kuila faida yote.

Kumbe programu ya Nuru, iliyofunzwa kwa picha za majani ya muhogo wa Tanzania, hutambua batobato na michirizi ya kahawia ndani ya simu, pasipo intaneti. Mkulima wa Sikonge ahitaji wepesi huo. Walimu wa hisabati waanze kuufundisha huo. Kwanta ingoje zamu yake.