Miwani au Leza? Pima Jicho Kabla ya Kuamua

Katika kituo cha Shianda, kaunti ya Kakamega, kijana asiyeona mbali hukunja macho asome kibao cha matatu: ni ya Mumias au ya Kakamega? Gari likishamkaribia ndipo anapotambua. Miwani humfaa, ila huteleza kwa jasho na kujaa matone mvua inaponyesha. Ndiyo maana wengi huulizia leza.

Kwa asiyeona mbali, jicho huwa refu kupita kawaida, au konea, ile sehemu angavu ya mbele, huwa imebinuka mno. Taswira basi hutua mbele ya retina. Katika upasuaji wa leza uitwao lasiki, daktari hufunua utando mwembamba wa konea, leza ikapunguza tishu kwa sekunde chache, kisha utando ukarudishwa.

Si kila jicho hufaa.

Mhusika awe ametimiza miaka 18, na namba ya miwani yake isiwe imebadilika kwa mwaka mmoja au zaidi. Konea nyembamba, au iliyochongoka kama koni, huzuia upasuaji. Ujauzito na kunyonyesha huuahirisha. Baada ya upasuaji macho yanaweza kukauka, na taa za usiku zikaonekana na duara la mng'ao. Umri ukivuka miaka 40, miwani ya kusomea huhitajika hata kwa aliyefanyiwa leza.

Kwa mkazi wa Shianda, uchunguzi wa macho hauko mbali: Hospitali ya Macho ya Sabatia iko kaunti jirani ya Vihiga. Msikilizaji, usilipie upasuaji wowote kabla konea yako haijapimwa unene na umbo.