Waya ya Play: Jibu kwa Mama Aliyeuliza
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Masisi-Centre)



Mkutano uliopita mama mmoja alisimama akaniuliza: «Watoto hawana madaftari, na nyinyi munatoa pesa ya kikundi juu ya mchezo?» Siku ile nilijibu vibaya. Leo nataka kujibu sawasawa.

Kwanza, mashine hatukuinunua. Mwaka 2025, wakati kambi za kuzunguka Goma zilifungwa, Bulengo, Lushagala na zingine, kila mtu alirudi na kile aliweza kubeba. Wengine walibeba bashi ya hema, wengine sufuria. Kijana wetu mmoja alibeba PlayStation 2, ile nyembamba, ndani ya mfuko wa unga. Mbele ya kukimbia, hiyo ndiyo ilikuwa inamulisha: watoto walitoa franka kidogo, wanacheza mpira. Lakini chaja ilipotea njiani, na waya ya picha ilikatika.

Kosa la kwanza ni langu. Mashine hiyo inataka volti 8.5. Batiri yetu ya pano ni ya volti 12, na jua likiwa kali inapita hata 14. Mimi mwenye diplome nikasema: tofauti ni ndogo, tutie tu. Tukatia. Taa ikawaka kidogo, harufu ikatoka, mashine ikazima. Kijana hakusema kitu. Alikaa chini, akaangalia mikono yake. Kama si fundi redio wetu kufungua na kukuta fyuzi ndogo ya ndani ndiyo ilikatika, ningekuwa nimeua kazi ya mtu.

Kisha tulijaribu konvertisa: kutoa 12 kuipandisha 220, halafu kuishusha tena kwa chaja ya kuazima. Ilifanya kazi, lakini umeme mwingi unapotea kwa kupanda na kushuka. Mbele ya magaribi batiri ilikuwa imekwisha.

Sasa tunafanya hivi. Kuna kipande kidogo cha kushusha volti, kinapatikana Goma kwa wauza vipande vya elektroniki. Kina skrubu ndogo. Unakifunga kwenye batiri, unaweka multimetri upande wa kutokea, unazungusha skrubu polepole mpaka usome 8.5. Ndipo unaunga mashine, si mbele. Unaangalia mchoro kando ya tundu, uone plasi iko katikati ao pembeni. Karibu na plasi ya batiri unatia fyuzi ya ampea 5.

Na waya iwe nene. Chaja ya kweli imeandikwa ampea 5.65, mara volti 8.5, hiyo ni wati 48. Kwenye batiri ya 12 ni karibu ampea 4. Ukitumia waya ya ekuta, itapata moto mpaka ganda liyeyuke, na nyumba zetu ni za mbao.

Waya ya picha ni rahisi zaidi. Manjano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Tulikata vichwa kwenye waya ya DVD iliyokufa, tukaunga na risasi ya kuyeyusha (si ile ingine munayoijua). Kila kichwa kina nyuzi mbili, ya katikati na ya kuzunguka. Zikigusana, hakuna picha.

Mama yangu, kijana aliyejifunza hayo hafanyi Play peke yake. Telefoni inataka volti 5, redio inataka zake; njia ni ile ile. Leo watu wanamuletea redio na chaja zao, na wenzake wawili wanajifunza kwake. Hao wawili walikuwa tayari kwenda kwenye mashimo.

Kuna jambo moja linaniuma. PlayStation 2 ilitoka Ujapani mwezi wa tatu 2000. Mwaka ule ule bei ya koltani ilipanda sana, na wazee wa Masisi na Walikale wanakumbuka vijana walioacha shamba na masomo juu ya kuchimba. Tantali ya koltani inatengeneza vipande vidogo vya kushika umeme ndani ya mashine za elektroniki. Udongo wa namna ya kwetu unaenda mbali, unarudi kama mashine kuukuu, na sisi tunakosa hata waya ya kuiwasha.

Juu ya madaftari: tumepatana kwamba saa za masomo nyumba ya Play inafungwa, na sehemu ya pesa ya kila juma inaingia kwenye sanduku la kikundi kwa kununua madaftari. Bado haitoshi. Muje muangalie daftari la hesabu, liko wazi kwa kila mwanamemba.

Wafadhili, hatuombi mashine mpya. Tunaomba multimetri mbili, chuma ya kuyeyusha risasi inayotumia volti 12, na waya nene. Wenzetu wa Walikale wameomba kijana wetu aende kuwafundisha. Njia ikiwa nzuri, ataenda, lakini hawezi kwenda mikono mitupu.