TAARIFA YA TAWI: ULINZI WA MSIMU WA KOROSHO

Haya ni maneno tuliyosema kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Tunayaleta hapa kwa waliokuwa shambani na waliopanda Newala msibani.

Korosho zimeanza kudondoka. Kila mwaka wakati huu tunapiga kelele kuhusu wezi, na lawama zote zinamwangukia kijana asiye na kazi. Tuulizane kwanza: anayeokota korosho za mwenzake saa nane usiku anazipeleka wapi? Kwenye ghala la AMCOS mzigo unapimwa na jina la mkulima linaandikwa. Kwa mnunuzi wa kangomba haandikwi mtu. Anapima gizani, analipa bei ya kutupa, haulizi kitu. Tuseme ukweli, ndugu zetu: baadhi ya wanunuzi hao wamo ndani ya tawi hili, na kadi za Chama wanazo.

Mama anayeuza debe moja mapema kwa sababu mtoto anaumwa hatumwiti mwizi. Tunamsema anayekusanya magunia kumi wakati shambani kwake hana mkorosho hata mmoja.

Mnakumbuka msimu wa 2018/2019, Serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba mzigo. Kabla ya malipo, mashamba yalihakikiwa. Tulilalamikia ucheleweshaji, na tulikuwa na haki. Lakini lile swali la "mikorosho yako iko wapi?" liliwatoa jasho watu ambao doria haikuwahi kuwagusa.

Sasa lindo. Mwaka jana tulihamasisha kila kaya ichangie. Fedha zikapokelewa mkononi, bila risiti, na sisi viongozi wa tawi tulikuwa mbele kuzipokea, kazi ambayo haikuwa yetu. Vijana walilinda wiki tatu, posho ikakata, wakarudi kulala. Hakuna aliyethibitisha kwamba fedha ililiwa. Hakuna pia anayeweza kuthibitisha kwamba haikuliwa. Katibu wenu ana stashahada ya uhasibu, kwa hiyo aibu hiyo inaanzia mezani kwetu, na tunaomba radhi.

Mwaka huu tawi halishiki hata shilingi. Mchango unapokelewa na serikali ya kijiji kwa risiti, zamu zinapangwa na kamati ya ulinzi na usalama, na matumizi yanasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu. Wa vyama vingine wanachangia na kulinda kama sisi. Korosho ya mpinzani ikiibwa, imeibwa.

La mwisho ni mikono yetu. Sungusungu walipoanza huko Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipungua na watu wakawasifu. Lakini baadhi yao walijifanya mahakama, wakapiga na kutesa watuhumiwa. Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali: Januari 2013 hapa Masasi mjini, ugomvi ulioanzia kwa bodaboda na polisi uliishia kwa moto, ofisi na magari yakateketea. Hasira ya kundi haina breki.

Kwa hiyo atakayekamatwa usiku, hata akiwa na gunia begani, asipigwe. Apelekwe kwa mtendaji, naye amkabidhi polisi. Mkuu wa zamu aandike saa aliyokamatwa, waliomkamata na uzito wa mzigo. Kesi nyingi zinakufa kwa sababu mzigo ulishagawanwa njiani. Hilo nalo ni wizi, na tunawajua wanaolifanya.

Mkutano wa kijiji ni Alhamisi saa tisa alasiri, ofisi ya kijiji. Mwenye karatasi yoyote ya mchango wa mwaka jana, hata iliyoandikwa kwa penseli, aje nayo. Mabalozi wapitie kaya ambazo hazina simu.

Katibu wa Tawi