Picha Ina Wenyewe
Mhadhara wa umma kuhusu maonyesho ya mpigapicha mmoja



Nimekuja na picha moja mfukoni. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na kingo zake zimekatwa meno meno kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Ndani yake wamesimama wasichana wawili waliovaa sare: magauni ya kitambaa kimoja na mshono mmoja, viatu vya kisigino kifupi, mikoba mkononi. Wa kulia ni mama yangu. Ilikuwa Idi Pili, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na siku hizo kwenda studio kulikuwa sehemu ya Idi kama ilivyokuwa biriani. Nyuma yao limetundikwa pazia lililochorwa minazi na bahari, ingawa bahari yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka hapo.

Ukiigeuza, utaona masalio ya mhuri wa studio. Nyumbani tuliibandika albamuni kwa gundi ya unga wa ngano. Miaka mingi baadaye tulipoibandua, karatasi ya albamu ilichukua nusu ya wino. Limebaki neno Mombasa na tarakimu mbili za sanduku la posta. Jina la aliyepiga limekwenda. Hakuna mgeni aliyekuja kulichukua. Tulilipoteza wenyewe, kwa mikono iliyokuwa ikijaribu kutunza.

Watu wa pwani wana neno fupi la kumtuliza anayeingia mahali kwa pupa: mji una wenyewe. Nasema jioni hii kwamba picha nayo ina wenyewe, nao ni wawili: aliyepiga na aliyepigwa. Maonyesho ya mpigapicha mmoja, yale yanayompa mtu mmoja kuta zote za jumba la sanaa kwa wiki kadhaa, ndiyo njia bora tuliyo nayo ya kumrudishia wa kwanza haki yake. Lakini yasipoangaliwa, humlipa wa kwanza kwa mali ya wa pili. Majumba yetu yanapopanga maonyesho ya namna hii kwa msimu ujao, naomba tuyapime kwa kipimo hicho.

"Asiyejulikana" aliyekuwa anajulikana

Mwaka 1991 yalifanyika mjini New York maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20. Miongoni mwa kazi zilizotundikwa zilikuwamo picha chache za watu wa Bamako, nchini Mali, zilizopigwa kwa ustadi wa kumsimamisha mpita njia. Kibandiko kilisema mpigapicha hajulikani. Wakati huo mpigapicha mwenyewe alikuwa hai, anakaa Bamako, na wazee wa mji ule walimfahamu kwa jina. Aliitwa Seydou Keïta.

Keïta alilelewa katika useremala, kazi ya baba yake. Mwaka 1935 ami yake alirejea kutoka safari ya Senegal na kumpa kamera ndogo ya Kodak, na hapo ndipo ilipoanza safari yake. Mwaka 1948 alifungua studio yake. Alipenda kupigia uani, kwa mwanga wa jua, akitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Vifaa vilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alipiga mara moja tu, na ile moja ilipasa kuwa nzuri. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Alilitumia kwa miaka kadhaa, akalibadilisha kwa jingine, kisha jingine. Uzeeni, alipoulizwa picha fulani ni ya lini, aliangalia pazia na kukadiria mwaka.

Aliweka pia vitu vya kuazima: redio, saa, kalamu, hata skuta. Kijana aliyekuja na suruali yake ya pekee alitoka pichani kama karani mkubwa wa serikali. Tusimcheke kijana huyo, wala tusidhani alidanganya. Alikuwa akionyesha anakotaka kufika, na Keïta alimsaidia kufika kabla ya wakati.

Mwaka 1994 taasisi ya Fondation Cartier ya Paris ilimpa maonyesho yake mwenyewe. Hapo ndipo watu walipoona jambo ambalo picha zile chache za New York hazikuweza kuwaonyesha. Neno moja halitoshi kukutambulisha mwandiko wa mtu. Sharti uwe na barua nzima. Picha moja nzuri yaweza kuwa bahati. Picha nyingi za mkono mmoja zikikaa ukuta kwa ukuta, unaanza kuona akili inavyofanya kazi: namna anavyomgeuza mteja kidogo ili bega moja litangulie, anavyovipanga vidole, anavyoacha maua ya gauni yagombane na maua ya pazia huku uso ukibaki umetulia katikati kama mwezi mawinguni. Ukitoka mle ndani, utaitambua picha ya Keïta popote utakapoikuta, hata ikiwa haina kibandiko.

Hii ndiyo kazi ya maonyesho ya mtu mmoja, na ndiyo sababu maonyesho ya mseto hayawezi kuchukua nafasi yake. Maonyesho ya mseto hukupa mada. Ya mtu mmoja hukupa mtu. Mlango ule ukishafunguka, wengine nao hupita. Malick Sidibé, mwenzake wa Bamako aliyepiga ngoma na mapenzi ya vijana baada ya uhuru, alipata tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Kabla yake, hakuna mpigapicha aliyewahi kupewa heshima ile.

Aliyelipia picha

Sasa tumwangalie mwenyewe wa pili. Mteja wa Keïta alilipa fedha zake, akachukua picha yenye ukubwa wa kadi ya posta, akaenda nayo nyumbani au akamtumia mchumba. Nusu karne baadaye negativu ileile ilisafishwa tena, kubwa kupita urefu wa mkono, ikauzwa kwa bei ambayo mteja yule hakuwahi kuiota. Na kwenye kibandiko, mahali pa jina lake, mara nyingi kuliandikwa "Bila jina".

Tazameni tulipofika. Mwaka 1991 picha ilikuwa haina mpigapicha. Miaka michache baadaye imempata mpigapicha, nayo imempoteza yule mwanamke aliyekaa kitako mbele ya pazia, aliyesuka nywele asubuhi ile na kuazima hereni za dada yake. Kwa wageni wa Paris yeye ni sura nzuri. Kwa wajukuu wake wa Bamako yeye ni bibi.

Keïta alifariki mwaka 2001, na baada ya hapo ukazuka mvutano mrefu wa kisheria juu ya negativu zake na haki ya kuzisafisha. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana waliomo humu wanaosubiri kualikwa na jumba la kwanza. Furaha ya kuitwa isikufanye ukaacha kuuliza. Nakala ngapi zitasafishwa kwa kila picha? Nani atabaki na faili za asili au negativu? Ikiuzwa moja, unapata kiasi gani? Desturi ya majumba mengi ni kugawana nusu kwa nusu, lakini desturi si mkataba. Andikeni kabla ya kupigilia msumari wa kwanza.

Je, inawezekana kuwaheshimu wenyewe wote wawili ukutani pamoja? Inawezekana, na ushahidi uko Afrika Kusini. Mwaka 2006 Zanele Muholi alianza mfululizo wa picha uitwao Faces and Phases, sura za wanawake wanaopenda wanawake na wengine wanaobaguliwa kwa jinsia zao, katika nchi ambayo sheria inawalinda na mitaa mingi haiwalindi. Kila picha jina lake ni jina la mtu aliyepigwa, pamoja na mahali na mwaka. Muholi huwaita washiriki. Picha hizo zilipofika jumba la Tate Modern mjini London mwaka 2020, jina la Muholi lilikuwa mlangoni, na majina yao yalikuwa ukutani. Hakuna aliyepunguziwa kitu.

Kabati zetu

Huku kwetu kazi ni kubwa, na kwa sehemu tumechelewa. Mwanzoni mwa karne iliyopita studio za Zanzibar na Mombasa zilichapisha kadi za posta kwa wasafiri. Mwanamke amekaa, amevaa kanga zake, na chini pameandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Alikuwa binti wa fulani, wa mtaa fulani, na watu wa mtaa ule walimjua. Kadi ilimgeuza kuwa aina ya mtu. Jumba la leo likiitundika kadi ile bila kusema neno, linairudia kazi ileile ya mchapishaji wa zamani.

Katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Wamepiga watawala na raia, ngoma na harusi, mitaa na bandari. Watalii huingia kununua nakala na kwenda zao. Ningetamani kuona siku moja kuta zote za jumba letu zikiwa za Oza peke yake, zimepangwa kwa miaka, na wazee wa Unguja wameketi pembeni na daftari wakitutajia: huyu alikuwa fundi cherehani, huyu alihamia Muscat, huyu ni shangazi yetu.

Nairobi nayo ina kisa cha kutuamsha. Priya Ramrakha, Mkenya, alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa kwanza wa Afrika kufanyia kazi majarida ya Time na Life. Alipiga harakati za uhuru za bara hili, akauawa kazini mwezi Oktoba 1968 katika vita vya Biafra. Filamu na picha zake zilikaa miongo kadhaa katika gereji ya familia Nairobi, hadi ndugu yake wa kizazi cha baadaye alipozifukua. Mwaka 2017 zikaonyeshwa Johannesburg. Gereji moja tu ilifunguliwa, tukapata ukurasa mzima wa historia yetu. Gereji ziko ngapi?

Na muda hautusubiri. Picha ya karatasi imepakwa utando wa jelatini, na jelatini ni chakula. Hewa ya pwani yenye unyevu huita ukungu, ukungu hula utando, na mende humalizia kilichobaki. Mwanga nao hufifisha, ndiyo maana majumba makini hushusha taa hadi karibu luksi 50 kwa picha kongwe zilizo dhaifu. Lakini tuna mahali pa kuanzia. Dar es Salaam kuna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space tangu mwaka 2008. Nairobi kuna taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020. Kuta zipo, na vijana wenye macho wapo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa maonyesho yajayo ni hili. Mtafuteni mpigapicha mmoja, mpeni nafasi yote, na msione haya kuchagua yule wa studio ya mtaani aliyepiga picha za pasipoti maisha yake yote. Tundikeni picha zake ili katikati ya kila moja pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, macho ya aliyepigwa yakutane na macho ya anayetazama, kama watu wawili wanaosalimiana. Kisha, kabla ya kuchapa vibandiko, zungukeni na picha hizo mitaani kwa mwezi mmoja mkiuliza majina. Na mahali ambapo jina halikupatikana, acheni nafasi tupu na kalamu ya risasi kando yake. Kuna mtu atakuja na kuijaza.

Kuhusu picha hii ya mfukoni. Nilimwuliza mama yangu ni nani aliyewapiga. Alifikiri kwa muda mrefu. Jina hakulikumbuka. Alikumbuka kwamba yule bwana alitoka chumba cha giza akijifuta mikono, kucha zake za rangi ya kahawia kwa dawa za kusafishia picha, akamwambia, "Inua kidevu, binti, wewe si mfungwa." Mama akainua. Ndivyo anavyoonekana hapa hadi leo, kidevu juu.

Miaka 60 mama ameyatunza maneno ya mtu yule, na rangi ya kucha zake. Pengine negativu zake ziko ndani ya boksi mahali fulani Mombasa, na mjukuu wake hajui ni za nini. Siku tutakapoandika jina lake mlangoni mwa jumba la sanaa, nitamleta mama yangu, asimame mbele ya picha hii, na kibandiko kisome majina matatu: la rafiki yake, la kwake, na la yule bwana.