Mikoko: Sheria Haikatazi Tu, Inampa Mkazi Nafasi

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wa pwani ya Kwale



Mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu 1932. Anayekata boriti au fito bila kibali anavunja sheria, hata kama mkoko uko nyuma ya nyumba yake. Wengi husikia katazo hilo na kuishia hapo.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ina upande wa pili. Inawaruhusu wakazi kusajili chama cha kijamii cha misitu na kutia saini makubaliano na KFS, ili wautunze msitu na kunufaika nao.

Gazi na Makongeni wameonyesha njia. Tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117. Mikoko hufyonza hewa ya ukaa, na kazi hiyo hulipiwa na wanunuzi. Mapato yamesaidia maji na shule. Mivinje imepandwa nchi kavu ili kuni na miti ya kujengea ipatikane.

Anayetafuta boriti si adui. Ana nyumba ya kujenga. Lakini kaa, kamba na samaki wachanga hukulia katika mizizi ile. Ikiisha, jirani yake mvuvi atarudi na dema tupu.

Kwa hiyo, anayehitaji miti aanzie ofisi ya misitu. Na asiye mwanachama ajiunge na chama cha eneo lake.