Kiwanja cha Watu Wote

Saa sita na nusu mchana, bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi hujaa. Karani aliyetoka ofisini anavua koti, analitandika kwenye nyasi na kujilaza chali. Mwanafunzi wa chuo kikuu amefungua daftari mapajani. Mama aliyepitia City Market kununua mboga anapumzisha miguu, mfuko wake kando. Chini ya mti mmoja mhubiri anapaza sauti hadi mishipa ya shingo inamsimama, na hatua chache kutoka hapo mpigapicha anamwomba kijana ainue kidevu kidogo, tena kidogo, abaki hivyo hivyo.

Hakuna kati yao aliyelipa kiingilio. Mtu hukaa hapa kutwa bila kununua hata chai, na hakuna mhudumu wa kumjia na kumuuliza ataagiza nini. Kwa aliyekuja jijini kutafuta kazi, akabakiwa na nauli ya kumrudisha Kayole tu, hilo si jambo dogo. Jijini karibu kila kiti kina bei. Benchi la bustani halina.

Msikilizaji, nafasi hii ina historia. Mwaka 1906, miaka saba tu baada ya reli kufika Nairobi, Alibhai Mulla Jeevanjee aliitengeneza bustani hii akawapa watu wa mji. Alikuwa mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, na gazeti alilolianzisha ndilo chimbuko la The Standard linalosomwa hadi leo. Wakati wazungu wakijitengea maeneo yao, yeye alipigania haki za Waasia, akawa Muasia wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Miaka 85 baadaye, zawadi hiyo nusura iporwe. Mwaka 1991 tume iliyokuwa ikiendesha jiji ilikuja na mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alikataa akaanzisha kampeni. Profesa Wangari Maathai akasimama naye. Miaka miwili tu nyuma, Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kuchomoza ndani ya Uhuru Park, na kwa ajili hiyo alitukanwa hata bungeni. Zilikuwa enzi za chama kimoja, na kumpinga mkubwa kulikuwa na gharama yake. Hata hivyo wanawake hao hawakurudi nyuma. Ghorofa ya Uhuru Park haikujengwa, na ya Jeevanjee haikujengwa.

Jua likipungua makali, mabenchi hupata wenyewe wengine. Ndiyo zamu ya Bunge la Mwananchi, wananchi wa kawaida wanaojadili bei ya unga, kodi ya nyumba, katiba na kauli za wanasiasa. Mwenye shahada na msukuma mkokoteni hubishana hapo, na anayeshinda ni mwenye hoja. Wanachama wake wamewahi kukamatwa kwa sababu ya mijadala yao, wakarudi kuendelea nayo. Mjadala wa namna hiyo utafanyikia wapi, kama si mahali ambapo hakuna mwenye mali wa kuwafukuza?

Lakini mkazi wa Umoja au Dandora hawezi kupanda matatu hadi katikati ya jiji kila mtoto anapotaka kucheza. Huyo anahitaji kiwanja mtaani kwake, na hapo ndipo penye kidonda. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi bustani, viwanja vya michezo na ardhi nyingine za umma zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana kuudai, walirushiwa vitoa machozi, watoto wenye sare za shule. Nchi nzima ilipandwa na hasira, na uwanja ukarudishwa.

Katiba ya 2010 imeipa ardhi ya umma ulinzi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ipo kuisimamia. Ulinzi huo una nguvu pale tu mtu anapoudai. Kwa hiyo wewe unayesikiliza, kama mtaani kwenu kuna kiwanja ambacho watoto huchezea mpira jioni, waulize jirani zako kinamilikiwa na nani. Kisha nendeni pamoja mkatazame ramani na hati yake katika ofisi za ardhi, wiki hii, kabla hamjaamka mkakuta mabati yamezungushwa.